Kasisi Huyu ni wa Kabila Gani? Upendo na Uhasama katika Riwaya Mbili za Shule

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa mpenzi, swali lililozaa makala haya halikutoka katika karatasi ya mtihani wowote. Liliulizwa na msichana wa Kidato cha Nne aliyezoea kuketi nyuma ya darasa, asubuhi moja ya ukungu kama zilivyo asubuhi nyingi za huku kwetu Kuresoi. Tulikuwa tukijadili usawiri wa wahusika katika Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi inayotahiniwa tangu mwaka wa 2023. Tulikuwa tumefika kwa Kasisi Mapunda, yule anayewapa hifadhi Mangwasha na wenzake baada ya makao yao kuteketezwa. Nilikuwa nimekwisha kuandika ubaoni sifa tatu: mkarimu, mwenye utu, mshauri mwema. Ndipo msichana akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, kasisi huyu ni wa kabila gani?"

Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Kicheko kile kilikuwa cha watoto waliotambua kwamba mwenzao ametamka jambo ambalo wote walikuwa wakiliwaza. Kimya nacho, kwa yeyote aliyefundisha katika eneo hili, hakihitaji kuelezewa.

Nilijibu jinsi tunavyojibu sote tunapobanwa. Nikasema turudi kwenye matini. Wakafungua vitabu, wakatafuta, wakabishana, na kengele ikalia kabla hatujaafikiana. Niliporejea katika chumba cha walimu nilitambua kwamba sikuwa nimewarudisha kwenye matini kwa sababu za kitaaluma. Nilikuwa nimelikimbia swali.

Hebu basi tulirudie hapa kwa utulivu.

Tuanze na jina. Katika riwaya hii mwandishi ameunda makabila ya kubuni, Waketwa na Wakule, ili msomaji asiseme moja kwa moja kwamba hawa ni fulani na wale ni fulani. Hiyo ni mbinu inayofahamika na ina faida zake darasani. Bila hiyo wengi wetu tusingethubutu kuifundisha riwaya hii baina ya Mau Summit na Olenguruone. Lakini Mapunda ni jina linalosikika zaidi kusini mwa Tanzania, pande za Songea. Masikioni mwa mwanafunzi wa Kuresoi jina hilo halimwelekezi kwenye ukoo wowote anaoujua. Iwe mwandishi alilikusudia jambo hili au hakulikusudia, athari yake kwa msomaji wa huku ni moja: kasisi anaelea juu ya mgogoro. Anafungua mlango wa kanisa, waliochomewa wanaingia, na msomaji hapati nafasi ya kujiuliza mlango huo ulimgharimu nini aliyeufungua.

Hapo ndipo swali la msichana linapopata uzito. Huku kwetu kasisi, mchungaji, mzee wa kanisa na mama wa kwaya wote wana makabila, na kila mtu anayajua. Wanapompa hifadhi mtu wa upande wa pili, hawafanyi hivyo wakiwa juu ya mgogoro. Wamo ndani yake hadi shingoni.

Sitaki nieleweke vibaya. Simlaumu mwandishi kwa kutoandika riwaya ambayo mimi ningetaka aandike. Kasisi Mapunda ni mhusika msaidizi, na mhusika msaidizi hulazimika mara nyingine kuwa mhusika bapa ili riwaya isonge mbele. Lawama yangu inatuendea sisi walimu na miongozo yetu. Tumeizoea mno ile hoja ya kwamba "dini ni kimbilio la wanyonge", tukaikariri na kuipa alama mbili, hata tumesahau kuuliza kama kuna anayeumia kimbilio hilo linapofunguliwa.

Kwa mujibu wa Injili ya Yohana, sura ya 15, Yesu aliwatahadharisha wanafunzi wake kwamba ulimwengu ungewachukia, na kwamba ungewachukia kwa sababu wao si wake tena. Sura mbili nyuma alikuwa amewapa alama ya kutambuliwa kwayo, nayo haikuwa vazi wala kiapo; ilikuwa ni kupendana. Katika Mathayo 5 upendo huo unapanuliwa hadi kwa adui. Ukiyaweka mafundisho haya matatu pamoja unapata mchoro kamili wa mhusika: mtu anayechukiwa, asiyerudisha chuki, na ambaye kutorudisha huko ndiko kunakomtofautisha. Msomi wa fasihi ataona mara moja kwamba hapa pana mgogoro, na pasipo mgogoro hapana riwaya.

Basi tuulize, je, katika Kuresoi "ulimwengu" huo ni nani?

Mwanafunzi anapoyasoma maneno hayo huwaza watawala wa Kirumi, simba na mashahidi wa kale. Historia ya huku inatoa jibu chungu zaidi. Machafuko yaliyoanzia Meteitei, Nandi, Oktoba 1991 yalisambaa hadi Molo na Olenguruone mwaka wa 1992. Mwisho wa mwaka wa 2007, hata kabla ya kura ya Desemba 27, watu walikuwa wamekwisha kuhama mashamba yao Kuresoi. Na matokeo yalipotangazwa ndipo nchi nzima ilipoungana nasi katika msiba. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini. Waliochoma na waliochomewa, wengi wao walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wameimba nyimbo zilezile, tena pengine katika jengo lile lile, Jumapili iliyotangulia. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Ulimwengu uliochukia haukutoka mbali. Ulikuwa umeketi kwenye mabenchi yaleyale.

Wenye makanisa wenyewe walilikiri hili. Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilitoa taarifa ya majuto kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na hivyo wakashindwa kusimama imara nchi ilipowahitaji. Mwalimu anayefundisha maudhui ya dini hana budi kuijua taarifa hiyo, kwani inamkataza kugawa wahusika katika makundi mawili mepesi ya "watu wa dini" na "watu wa vita".

Sasa tuitazame Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyochapishwa mwaka wa 2014 na kutahiniwa hadi 2022. Naikumbuka kwa sababu ndiyo riwaya iliyonifundisha kufundisha. Inafungua kwa Ridhaa akiyatazama magofu ya makao yake, na punde tunajua kwamba moto ulioangamiza jamaa yake uliletwa na Mzee Kedi, jirani. Tuliifundisha sehemu hii kama mfano wa kinaya, na sawa tulifanya. Ila angalia pia mbegu ya moto huo ilivyopandwa mapema kwa neno moja tu. Ridhaa akiwa mtoto wa shule, wenzake walimwita mfuata mvua, yaani mtu aliyekuja na mvua na ambaye hana asili mahali pale. Huku kwetu neno lilikuwa madoadoa. Wengine walizungumza juu ya kufyeka nyasi na kung'oa magugu. Hizi zote ni jazanda, na kama kuna somo moja ambalo mwalimu wa Kiswahili anaweza kulifundisha kwa mamlaka kuliko mwalimu wa Historia au wa CRE, ni hili la jazanda kabla haijashika panga.

Katika Mathayo 13 mna mfano wa magugu. Adui amepanda magugu katikati ya ngano, watumwa wanataka kuyang'oa, na mwenye shamba anawakataza wasije wakaing'oa na ngano. Mkulima wa Keringet hushangaa anapousikia mfano huo, kwa sababu hakuna mkulima wa kweli anayeacha magugu. Mshangao huo ndio ufunguo wenyewe. Lugha ya kilimo iliyotumiwa kuhalalisha kufukuza majirani ilikuwa imekwisha kukataliwa, kwa lugha hiyohiyo ya kilimo, katika kitabu ambacho wafyekaji walikuwa nacho nyumbani. Nimewahi kuwapa wanafunzi zoezi la kulinganisha jazanda hizi, na sijapata zoezi lililowafanya waandike kwa makini zaidi.

Ridhaa harudi kulipiza kisasi. Anairejelea kazi yake ya udaktari. Kaizari analea mabinti waliotendewa unyama mbele ya macho yake. Selume, ambaye ndoa yake imevunjwa na uhasama wa kikabila, anawauguza wagonjwa. Tunao pia watawa wanaoendesha kituo cha watoto cha Benefactor, wanaopokea watoto bila kuuliza wametoka wapi. Ukinitaka niseme ni wapi riwaya hii inakaribia zaidi upendo unaochukiwa, sitakuelekeza kwa watawa. Nitakuelekeza kwa Subira, mke wa Kaizari, aliyedharauliwa na mama mkwe kwa kuwa ni wa jamii nyingine. Chuki yake haikutoka kambi ya maadui; ilikuwa jikoni, ndani ya ua aliloolewa. Kaizari na Subira walikuwa wamependana kuvuka mpaka, na watu wao wenyewe wakawatoza ushuru wa kuvuka. Watawa wa Benefactor wanatenda mema makubwa, lakini hatuwaoni wakitozwa chochote.

Kabla hatujaendelea, niseme neno kuhusu mapokeo tuliyoyarithi. Msomaji wa fasihi ya Kenya amezoeshwa Mkristo wa aina nyingine kabisa. Katika Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyochezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka wa 1977, Ahab Kioi na mkewe Jezebel wanaitumia ndoa ya kanisani kama chambo cha kumpokonya Kiguunda kipande chake cha ardhi. Majina yenyewe, ya mfalme na malkia walionyang'anya shamba la Nabothi, yanatosha kuwa uhakiki. Mkristo wa fasihi yetu kwa muda mrefu amekuwa mnafiki, na waandishi walikuwa na sababu. Ila mazoea hayo yamekuwa na hasara. Mwanafunzi akimpata Mkristo mnafiki anajua la kuandika. Akimpata Mkristo mwema anaandika "mkarimu" na kugeuza ukurasa. Hatujampa istilahi za kumchambua mtu mwema aliye hatarini.

Tutoke basi nje ya vitabu kidogo tuone kama historia inatupa vielelezo bora. Wa kwanza wanaotajwa ni Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Nakuru tangu 1971 hadi 1996. Wakati wa machafuko ya 1992 alikemea hadharani, na jimbo lake likawa miongoni mwa waliowalisha na kuwahifadhi waliofukuzwa. Wa pili ni Padri John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill aliyefika Kenya mwaka wa 1964. Aliishi na waliohamishwa katika kambi ya Maela karibu na Naivasha hadi kambi hiyo ilipovunjwa Desemba 1994, akatoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi mwaka wa 1999, na Agosti 24, 2000 mwili wake ukapatikana kando ya barabara, eneo la Morendat karibu na Naivasha. Wachunguzi wa Marekani walisema alijiua; uchunguzi wa mahakama nchini ulioamuliwa mwaka wa 2007 ukasema aliuawa.

Nilipowaeleza wanafunzi habari za watu hawa, yule msichana (mtamzoea) alitulia, kisha akasema kwa adabu kwamba Ndingi alikuwa Mkamba na Kaiser alikuwa Mzungu. Alitaka kusema nini? Alitaka kusema kwamba vielelezo vyangu vina dosari ileile ya Kasisi Mapunda. Hawakuwa wa upande wa waliochoma wala wa waliochomewa. Walichukiwa na wenye nguvu, na mmoja wao akalipa kwa uhai wake, jambo ambalo hakuna anayelipuuza. Lakini hawakuitwa wasaliti na mama zao.

Nilikubali kushindwa na kwenda kutafuta zaidi, na nilichokipata kilikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

Olenguruone, mji tunaopitia kwenda Kiptagich, una nafasi yake katika historia ya viapo. Mwaka wa 1941 serikali ya kikoloni iliwahamishia hapo Wakikuyu waliokuwa wakiishi katika ardhi ya Wamaasai. Walipokataa masharti ya ukulima waliyowekewa, walikula kiapo cha umoja, wanaume kwa wanawake na hata watoto, na kufikia mwaka wa 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta. Wanahistoria wengi huona katika kiapo kile mzizi mmojawapo wa viapo vya Mau Mau. Kiapo hicho kilikuwa cha watu waliodhulumiwa, na sikitaji hapa ili kukihukumu.

Nakitaja kwa sababu miaka michache baadaye kulikuwa na Wakikuyu waliokataa kiapo, na si kwa kuipenda serikali. Hao walikuwa watu wa uamsho, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kabete mwaka wa 1937, na ambao huku tunawajua kwa wimbo wao wa Tukutendereza. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, wengi wao walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa pia kushika silaha katika kikosi cha walinzi kilichoundwa na serikali. Sababu waliyoitoa ni kwamba hawangeweza kumwua mtu ambaye Kristo alimfia, awe wa msituni au wa kambini. Matokeo yake unayakisia. Upande mmoja uliwaona vibaraka, upande wa pili uliwashuku kuwa wafichaji wa waasi. Wengine waliuawa, na waliowaua walikuwa watu wa lugha moja nao na kijiji kimoja nao.

Huyu ndiye mhusika ambaye riwaya zetu bado hazijamwandika kikamilifu: Mkristo aliye na kabila, anayependa kabila lake, na ambaye kabila lake linamkataa kwa sababu hakubali kuchukia pamoja nalo. Ana ukinzani wa ndani na wa nje. Ana hofu. Anaweza kushindwa. Ni mhusika duara kwa kila kipimo tunachokifundisha.

Nikiwa nimefika hapa, mpenzi msomaji, ningekuwa mwoga nisiposema kwa nini swali la msichana lilinikimbiza kutoka darasani. Mwisho wa 2007 nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, niko nyumbani kwa likizo. Sitasema sisi ni wa kabila gani. Inatosha kwamba tulikuwa wa upande ambao nyumba zake hazikuchomwa wiki hiyo. Mamangu alimficha jirani yetu na watoto wake wawili katika ghala la viazi kwa siku tatu. Usinipatie picha ya mtakatifu. Mama na jirani huyo walikuwa hawajasemezana vizuri tangu msimu wa kupanda, kwa sababu ya deni la mbegu ya viazi, magunia mawili, na hata usiku ule wa kwanza nilimsikia akinung'unika juu ya magunia hayo alipokuwa akiwapelekea uji. Alikuwa na hofu hadi mikono ikitetemeka. Usiku wa nne walipata njia ya kufika Molo, na kutoka huko wakaenda kambi iliyokuwa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo Nakuru.

Vijana wenye mapanga hawakuja kwetu kamwe. Waliokuja ni akina mama aliokuwa akikaa nao kikundi kimoja cha kanisa. Hawakumtukana. Walikuja wawili, wakanywa chai, wakasema wamesikia, wakaenda. Msimu wa mavuno ulipofika hakuna aliyekuja kutusaidia kuvuna kama ilivyokuwa desturi. Jina lake likaondolewa katika zamu za kupika wageni wa kanisa, na kwa miaka miwili akawa akikaa kwenye benchi peke yake pamoja nasi watoto. Hakuhama kanisa. Nilimwuliza mara moja kwa nini asihamie la mjini, akanijibu kwamba hapo ndipo alipobatizwa na haoni ni kwa nini yeye ndiye aondoke. Yule jirani hakurudi, shamba liliuzwa. Deni la mbegu halikulipwa.

Sijawahi kuwasimulia wanafunzi wangu habari hii. Katika darasa langu wamo watoto wa walioondoka wakarudi, na wa ambao hawakuondoka, na nisingependa mmoja wao aanze kuhesabu wazazi wa mwenzake walikuwa wapi. Naiandika hapa kwa walimu. Naiandika pia kwa sababu inanisaidia kueleza kile ninachokikosa katika Nguu za Jadi kila ninapofika ukurasa wa waliochomewa wakiingia kanisani. Natamani kumwona Kasisi Mapunda Jumapili inayofuata. Ni nani hakuja? Nani amekuja na kukaa mbali? Sadaka imepungua kiasi gani? Riwaya ina haki ya kutotuonyesha. Sisi nasi tuna haki ya kuuliza, na kuuliza huko ndiko uhakiki.

Huenda mwalimu mmoja akapinga kwamba haya ni mahubiri wala si fasihi, na kwamba mtahiniwa asiye Mkristo atafaidika nini. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito. Ni kweli kwamba mtahini halipi alama kwa mahubiri, na mtahiniwa anayejaza insha yake aya za Biblia atajuta. Hoja isiyo na mfano kutoka kitabuni haina alama, iwe imeandikwa na shehe au na shemasi. Hata hivyo, riwaya imeweka kasisi na kanisa katikati ya moto, hatukumleta sisi. Kumchambua kasisi bila kujua kile ambacho imani yake inamdai ni sawa na kumchambua askari bila kujua amri. Mwanafunzi Mwislamu niliyekuwa naye mwaka juzi ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote kwamba tendo la Mapunda lina maana tu iwapo lingeweza kumletea hasara.

Kwa hiyo ukimwuliza mwanafunzi wako kuhusu mchango wa dini katika riwaya hii, usiridhike na "kimbilio". Mwambie aangalie nani anapewa hifadhi na nani anatoa hifadhi, aangalie umbali baina yao kijamii, kisha aseme kama mwandishi anatuonyesha gharama au anaificha. Akisema anaificha, atoe ushahidi. Mwambie alinganishe na Subira wa Chozi la Heri, ikiwa bado kuna nakala katika maktaba yenu. Yetu zimebaki kumi na moja, nyingi bila jalada. Na kuhusu jina la Mapunda, mwache mwanafunzi alijadili. Kuna wanaoona kwamba jina lisilo na upande ni udhaifu, na wako wanaoona kwamba mwandishi alitaka hasa mtu ambaye hawezi kuhesabiwa upande wowote, ili tuone jinsi utu unavyofanana ukivuliwa ukoo. Mimi niko na kundi la kwanza, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza, na najua kwamba sababu hizo zimetokana na ghala la viazi zaidi ya nadharia yoyote ya uhakiki.

Muhula wa pili niliwapa swali la alama ishirini: fafanua nafasi ya Kasisi Mapunda katika kujenga maudhui ya riwaya. Msichana wa nyuma aliandika hoja tisa. Nane zilikuwa zile tunazozijua. Ya tisa ilisema kwamba kasisi lazima alipoteza baadhi ya waumini wake baada ya kuwapokea waliochomewa, na kwamba mwandishi kwa kutolisema hilo amemfanya aonekane jasiri kidogo kuliko alivyokuwa. Mwongozo wangu haukuwa na hoja hiyo. Nilikaa na kalamu nyekundu kwa muda, nikampa alama moja kati ya mbili, na pembeni nikaandika: Thibitisha.

Jumatatu aliniletea karatasi katika chumba cha walimu, akaiweka juu ya meza, akaniuliza athibitishe kwa kitabu gani.